Nilivyomsomea Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi Zombe, alishuka kwenye gari akiwa na mfuko mmoja wa kitambaa cha kijani ambao hakutaka mtu ambebee. Nguo zake na mkeka wake vilikuwa kwenye gunia, na mume wangu akalitia begani. Ule mfuko aliukumbatia mwenyewe kifuani, akanipa mkono wake wa pili, nami nikamwongoza mpaka ndani. Ilibidi aongozwe kwa sababu macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Mimi alikuwa akiniona kama kivuli. Alijua ni mimi kwa sauti.

Hata maji hakunywa kwanza. Aliuliza ni wapi mahali pa juu kuliko pote katika nyumba yangu. Nikampeleka kwenye kabati la vyombo. Akapapasa juu yake kwa kiganja, akakutana na vumbi. Nikaleta kitambaa nikapangusa, nikatandika leso safi, na hapo ndipo akautoa msahafu wake mfukoni na kuuweka.

"Usiweke kitu juu yake," akaniambia. "Hata kama ni karatasi."

Ulikuwa msahafu mkubwa wenye jalada jeusi, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Alikuwa ameusoma tangu akiwa mke kijana huko upande wa Garissa, na ulikuwa umemfuata kila walipohama na mifugo. Sasa herufi zake zilikuwa zimemponyoka.

Siku chache baadaye, tulipomaliza swala ya alasiri, aliniita. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, chenye lafudhi ya Kisomali. Changu ni cha Kikamba, lakini tulielewana.

"Mwanangu, chukua udhu, uteremshe msahafu unisomee."

Nilisimama pale na ungo wa ndengu mkononi. Mimi ni mtoto wa Tawa, upande wa Makueni. Nimekulia kwenye nyumba ya kanisa, mama yangu akiimba kwaya kila Jumapili. Nilikuja Zombe kufanya kazi ya cherehani, nikakutana na mwanaume aliyekuwa akinunua mbuzi sokoni, tukapendana, nikasilimu, tukaoana. Mume wangu alinifundisha Alhamdu kwa kuisema polepole huku mimi nikimfuata, mpaka ikakaa ulimini. Baadaye akanifundisha Kulhuwallahu na sura nyingine fupi. Nilizikariri nikichuja chai, nikifagia, nikikanyaga cherehani. Swala zangu zilitimia kwa hizo hizo. Lakini herufi zenyewe sikuzijua hata moja. Ukinifungulia msahafu, nilikuwa naona mistari mizuri tu, kama nakshi ya kwenye kanga.

"Mama," nikamwambia, "mimi sijui kuusoma."

Nilitarajia ashangae, au amwite mwanawe amuulize ameoa mke wa namna gani. Badala yake akapigapiga mkeka kando yake kwa kiganja.

"Kaa hapa. Wewe una macho, mimi nina masikio. Tutasaidiana."

Ndivyo tulivyoanza. Aliniagiza nilete sinia na unga wa mahindi, nikautandaza mwembamba. Yeye alijifunza utotoni kwa ubao wa mti na wino wa masizi, na mkono wake haukuwa umesahau. Alikuwa akiangalia ukutani, haangalii sinia, lakini kidole chake kilichora alifu, kikachora be na kitone chake chini, kikachora te na vitone viwili juu. Nami nikachora chini yake. Kisha akapitisha ncha ya kidole juu ya mchoro wangu, taratibu, akipapasa unga.

"Hiyo umeilaza sana. Ina usingizi hiyo. Chora tena."

Tukimaliza, unga ule niliuchekecha nikausongea ugali. Watoto wangu walikuwa wakichekelea wakati wa kula, wakisema leo tunakula herufi za jimu na dali.

Kuchora kulikuwa rahisi. Koo ndilo lililonitesa. Kuna herufi za Kiarabu ambazo hutoka mahali ambapo Mkamba hatoi sauti ila akikabwa na chakula. Niliposoma ain ilikuwa inatoka a tu, nyepesi kama ya kuitikia mlangoni. Mama mkwe alinikaribia, akaweka vidole viwili kwenye koo langu, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye koo lake. Akatamka. Nikahisi pale chini pamekaza na kuachia. Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, nikakohoa, tukacheka sote wawili mpaka machozi. Mume wangu alitukuta hivyo, tumeshikana makoo kama watu wanaopigana, akarudi nyuma akidhani ameingilia ugomvi.

Nakumbuka wakati ambapo herufi zilianza kuungana. Nilikuwa nimeifungua sura ya Alhamdu, mwanzoni kabisa mwa msahafu, nikawa naisoma herufi moja moja, nikiunganisha na irabu zake. Ghafla nikatambua ninachokisoma. Maneno ambayo nilikuwa nayo kinywani kwa miaka yote, niliyoyasema kila rakaa, yalikuwa yameandikwa hapo mbele yangu. Ni kama kumfahamu mtu kwa simu muda mrefu, halafu siku moja anakuja mlangoni kwako. Nikaushika ule ukurasa nikalia. Mama mkwe alinyoosha mkono akanigusa shavu, akakuta limelowa, akasema, "Alhamdulillahi," basi.

Baada ya hapo akanipeleka mwisho wa msahafu, kwenye Juzuu Amma, kwa sababu sura zake ni fupi. Tulisoma kila alasiri nikishafunga kibanda changu cha cherehani. Mimi nasoma kwenye msahafu, yeye anasikiliza amefumba macho. Nikikosea, goti lake linanigusa. Akinigusa narudia. Nikikosea tena, anaisema yeye kwanza, na mimi naifuata. Sura nyingi alikuwa amezihifadhi bila kujua kwamba amezihifadhi. Nikianza mstari, mwisho wake unamtoka mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nasoma sura ya Ikraa. Nilikuwa nimefurahi kwa sababu goti halikunigusa hata mara moja. Nikafika aya ya mwisho, nikaisoma, na mara nikamwona mama mkwe ameinama mbele na kuanguka kifudifudi kwenye mkeka. Nilijua ni presha. Nikaufunika msahafu, nikauweka juu, nikamshika mabega nikimwita kwa nguvu, "Mama! Mama!" Hakuitika. Nikapiga kelele kumwita mume wangu. Kabla hajafika, mama mkwe akainuka mwenyewe, akakaa sawa, akatengeneza mtandio wake.

"Mbona unaniita nikiwa kwenye sijda?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna aya ambazo msomaji akifika, husujudu, na anayemsikiliza husujudu pia. Mume wangu alicheka akashika ukuta. Alinionyesha alama ndogo pembeni mwa ukurasa inayoonyesha mahali pa kusujudu. Nilirudia aya ile, na safari hii tuliinama pamoja, paji langu likiwa kando ya paji lake.

Zilikuwepo siku ambazo sikuweza kushika msahafu wala kusoma, siku zangu za mwezi. Mara ya kwanza nilimwambia kwa aibu. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Basi leo ni zamu yako ya kusikiliza."

Akasoma yeye, alivyokumbuka, mimi nikichambua mboga. Niliupenda usomaji wake. Haukuwa na madoido kama wa wale wanaosikika kwenye simu. Alisoma kama mtu anayeongea na mwenyeji wake wa siku nyingi. Nikaja kugundua kwamba kisomo hakikukaa kwenye mkeka peke yake. Nilikuwa nikifungua kibanda asubuhi kwa Bismillahi, na sasa neno lile nililiona likiandikika kichwani. Mtoto akiwa na homa, mama mkwe alimwekea mkono kifuani akamsomea, kisha akaniambia nimpeleke zahanati. Ijumaa nilioga mapema nikasikiliza Suratul Kahfi kwenye simu nikipiga pasi nguo za wateja. Ayatul Kursiyu niliisoma mwenyewe kila nilipofunga mlango. Nyumba ilikuwa na sauti ambayo haikuwa nayo kabla.

Ndipo mama yangu alipokuja kutoka Tawa.

Hakuwahi kuja Zombe kukaa. Niliposilimu hakunifukuza wala kunilaani, alisema tu kwamba mimi ni mtu mzima. Lakini kila nilipomwalika alikuwa na kazi shambani. Safari hii alikuja na gunia la mbaazi na debe la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Mkamba hawezi kuishi bila yake, na akasema atakaa mpaka achoke. Watoto wangu walikuwa wanamwita yeye susu na yule mwingine ayeyo, yaani bibi, kila mmoja kwa lugha yake, na wazee hao wawili walisalimiana kwa heshima, wakakaa mbali kidogo, kama wageni katika harusi ya watu.

Alasiri tulipokaa kwenye mkeka kusoma, mama alivuta kigoda chake akakaa mlangoni akipura mbaazi. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kuzuri kusikiliza," akasema. "Lakini unaelewa unachosoma?"

"Kidogo tu, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Mimi Biblia yangu ni ya Kikamba. Nikiisoma naelewa kila neno. Nimeipigia mistari kwa kalamu mpaka imejaa." Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa anashangaa kweli.

Nilidhani mama mkwe ataudhika. Lakini aligeuza uso kule sauti ilikotoka.

"Mama yake anasema kweli," akasema. "Mimi mwenyewe nilisoma miaka mingi kabla mtu hajanieleza. Atafutiwe tafsiri."

Mume wangu alikuwa anakwenda Kitui mjini na mbuzi, akarudi na tafsiri ya Kiswahili. Tangu hapo tukawa na desturi mpya. Kwanza nasoma Kiarabu na mama mkwe, kisha nafungua tafsiri nasoma Kiswahili, na mama yangu anasikiliza huku mikono yake ikiendelea na mbaazi. Mara nyingi alikuwa kimya. Mara nyingine alisema, "Hata kwetu iko hivyo," au, "Hiyo kwetu ni tofauti," akaendelea kupura.

Siku moja mama mkwe aliomba Suratu Maryam, nami nikaanza na tafsiri ili mama afuatilie. Nilisoma jinsi Maryam alivyojitenga na watu wake, na uchungu wa uzazi ukamshika akiwa peke yake kwenye shina la mtende, naye akatamani angekufa kabla ya hayo, awe mtu aliyesahauliwa kabisa.

Sauti ya mbaazi ikakoma. Nikainua macho. Mama alikuwa ameshika ganda moja na hakulifungua.

"Alisema hivyo?" akauliza. "Maria mwenyewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaliweka lile ganda chini.

"Hivyo ndivyo nilivyosema mimi," akasema. "Siku niliyokuzaa."

Nilikuwa najua kwamba nilizaliwa njiani. Hilo tu ndilo nililoambiwa. Mama alitueleza jinsi alivyotoka mtoni na mtungi mgongoni, uchungu ukamkuta pale kwenye mteremko, hakuna mtu mbele wala nyuma. Baba alikuwa kazini mbali. Alishika mti, na katika yale maumivu alisema kwa sauti kwamba heri yeye mwenyewe asingezaliwa. Kisha nikatoka, nikalia, naye akanifunga kwa shuka yake akanywa maji ya ule mtungi. Baadaye, kanisani, watu walimshukuru Mungu kwa ajili yake, naye alisimama akaimba, lakini maneno yale hakumwambia mtu. Alidhani alimkosea Mungu. Alikuwa ameyabeba muda huo wote.

Mama mkwe ndiye aliyesogea. Alitambaa kwenye mkeka akipapasa, mpaka akafika kwenye kigoda, akautafuta mkono wa mama akaushika.

"Na Mungu hakumkasirikia Maryam," akamwambia. "Mwache mtoto asome mbele, usikie."

Nikasoma mbele. Nikasoma alivyoambiwa asihuzunike, kwamba chini yake pamewekwa kijito, na autikise mtende umwangushie tende mbivu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, uso wake umelegea, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Kisha akavuta pumzi, akachukua mbaazi zake.

"Mimi nilikuwa na maji tu," akasema. "Tende hazikuwepo." Tukacheka.

Kuanzia siku hiyo kigoda kilihama kutoka mlangoni kikaja kando ya mkeka. Wale wamama wawili walianza kuongea mambo yao: mbuzi, ukame, magoti yanayouma, waume waliokwisha kufa. Ni katika mazungumzo hayo mama alipomshika mama mkwe kidevu na kumgeuza uso kwenye mwanga.

"Huyu ana mtoto wa jicho," akaniambia. "Hata mimi nilikuwa nao ugonjwa huo. Nilikuwa nasoma Biblia nimeigusisha pua. Mbona hamjampeleka?"

Tulikuwa tumejaribu. Mume wangu alikuwa amemsihi mama yake mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa moja: kile Mungu alichochukua amechukua, na yeye hatatiwa kisu kwenye jicho. Mama yangu hakubishana naye kuhusu Mungu. Alimwambia tu alichokiona mwenyewe: kwamba jicho hutiwa ganzi, kwamba mtu hulala kidogo tu na kuamka, na kwamba kesho yake, bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichoona ni daktari kijana mwenye masharubu mabaya.

"Mabaya kiasi gani?" mama mkwe akauliza.

"Utayaona mwenyewe ukienda."

Alikubali. Twende lini, akatuuliza, kama vile sisi ndio tuliokuwa tunachelewesha.

Tulikwenda naye Kitui, mimi na mama yangu. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, mama mkwe katikati. Midomo yake ilikuwa ikitembea kwa kisomo, na upande wa pili mama alikuwa ameinamisha kichwa akiomba kwa Kikamba. Nami nilisoma Yasini kwa sauti ya chini, ile niliyokuwa nimeihifadhi karibu yote. Muuguzi alipokuja kumchukua, alituangalia mmoja mmoja, akasema huyu mgonjwa amekuja na ulinzi wa kutosha.

Bandeji ilipotolewa, mama mkwe alipepesa macho kwa muda, akaangalia mikono yake. Akaangalia dirisha. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ni mweusi hivi," akasema, "na mzuri hivi." Akamtazama mama yangu. "Na wewe ni mfupi. Kwa sauti nilidhani ni mtu mrefu."

Nilifurahi. Nilifurahi sana. Lakini tuliporudi nyumbani, na jicho likapona, furaha yangu ilikuwa na kona moja yenye wasiwasi. Nilijua sasa atasoma mwenyewe. Zile alasiri za goti na mkeka zingekwisha, nami bado nilikuwa msomaji wa kusuasua.

Aliuteremsha msahafu yeye mwenyewe. Alitia udhu, akakaa, akaufungua katikati, akapitisha kidole kwenye mstari. Akasoma ukurasa mzima, na mwisho wake akaubusu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwangalia. Nikageuka nirudi jikoni.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nilidhani leo unasoma mwenyewe."

"Nimeshasoma. Chukua udhu uje." Akausukuma msahafu upande wangu. "Na sasa usinidanganye. Naona mahali unaporuka."

Tuliendelea. Ilinichukua muda kufika mwisho, maana kazi ya cherehani ina misimu yake na watoto wana mambo yao, lakini Ramadhani iliyofuata niliukamilisha msahafu wote, nikisoma mchana kabla ya kuingia jikoni kupika futari. Siku ya khitma yangu, yaani ya kuhitimu msahafu, majirani wanawake walikuja, mama mkwe akaomba dua, nasi tukaitikia amina. Mama, aliyekuwa amesharudi kwake, alitoka tena Tawa kwa ajili hiyo. Hakuitikia dua, alikaa na mikono magotini kwa heshima, lakini futari ilipofika ni yeye aliyepakua muthokoi, na wanawake wa Kisomali ambao hawakuwahi kuionja walimwomba aongeze.

Siku hizi mama mkwe yuko Garissa kwa binti yake, amekwenda kumwona mjukuu mpya. Hunipigia simu alasiri. Husalimia kwa haraka, anauliza hali ya mwanawe na ya mbuzi, anauliza kama mama yangu amevuna, kisha ananiuliza nimefika sura gani. Nikimwambia, ananiamuru niweke simu kwenye mkeka niendelee. Nasoma. Kutoka huko nasikia mtoto mchanga akilia na mtu akigonga sufuria, na katikati ya kelele zote hizo, nikikosea irabu moja, nasikia akikohoa.